Namna ya Kusoma Matokeo ya Shule ya Msingi ya Umma nchini Marekani

Mzazi anayemtafutia mtoto shule nchini Marekani hukutana mapema na namba moja: asilimia ya wanafunzi waliofaulu mtihani wa jimbo. Namba hiyo hupotosha kwa urahisi, kwa sababu mara nyingi inaeleza watoto wanatoka katika kaya za namna gani kuliko inavyoeleza walimu wamewafanyia nini. Anayetaka kuijua shule hana budi kuyasoma matokeo pamoja na takwimu za wanafunzi wenyewe, kundi kwa kundi.

Anza na taarifa ya mwaka ya shule katika tovuti ya idara ya elimu ya jimbo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2015 inalitaka kila jimbo kuitoa hadharani, na kuyatenganisha matokeo kwa rangi na asili, kwa hali ya uchumi wa familia, kwa ulemavu, na kwa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Ukikuta shule imepewa herufi au nyota ya jumla, ipite kwanza uende kwenye majedwali.

Kumbuka pia ni nani waliofanya mtihani. Kusoma na hisabati hupimwa kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8, kwa hiyo katika shule inayoanzia chekechea hadi darasa la 5, ni madarasa matatu tu yanayoonekana. Kazi ya mwalimu wa darasa la kwanza, anayekaa na mtoto mpaka herufi zigeuke maneno na maneno yageuke sentensi, haina safu yake katika jedwali hilo, na mimi naiona kuwa ndiyo kazi kubwa kuliko zote katika shule ya msingi.

Sasa tazama kwa nini makundi ni muhimu, kwa mfano wa kubuni wa shule mbili zenye watahiniwa 100 kila moja. Shule ya kwanza ina watoto 80 wa familia zenye uwezo, ambao 60 wamefaulu, na watoto 20 wa familia zenye kipato cha chini, ambao 4 wamefaulu. Ufaulu wake wa jumla ni asilimia 64. Shule ya pili ina watoto 30 wenye uwezo, ambao 24 wamefaulu, na 70 wa kipato cha chini, ambao 28 wamefaulu. Jumla yake ni asilimia 52. Anayeangalia jumla ataichagua ya kwanza bila kusita. Lakini watoto wenye uwezo wamefaulu kwa asilimia 75 katika ya kwanza na 80 katika ya pili, na wale wa kipato cha chini kwa asilimia 20 katika ya kwanza na 40 katika ya pili. Shule iliyoonekana dhaifu imewashinda wenzake katika makundi yote mawili. Kwa hiyo tafuta mstari wa kundi linalofanana na mwanao, kisha ulinganishe mstari huo na mstari kama huo katika shule nyingine za jimbo lilelile. Usivuke mpaka wa jimbo, kwa kuwa kila jimbo hujiwekea alama yake ya kufaulu.

Baada ya hapo angalia kipimo cha maendeleo, pale jimbo linapokitoa. Hicho hutazama mwanafunzi amepiga hatua kiasi gani tangu mwaka uliotangulia, na ndicho kinachokaribia zaidi kueleza ufundishaji.

Takwimu za umaskini zinahitaji uangalifu. Kwa muda mrefu zimehesabiwa kwa watoto wanaopata chakula cha mchana bure, yaani wa kaya zenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya kiwango cha umaskini cha shirikisho, au kwa bei nafuu, hadi asilimia 185. Lakini siku hizi shule nyingi huwapa watoto wote chakula bure chini ya mpango maalumu ambao hauhitaji fomu za kipato kutoka kwa wazazi, na kigezo cha kujiunga nao kilishushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 40 hadi 25 ya wanafunzi waliotambuliwa tayari kupitia misaada ya serikali. Ukiona asilimia 100, usidhani kwamba kila nyumba ni maskini.

Kundi la wanaojifunza Kiingereza nalo huhukumiwa vibaya. Mtoto akishaimudu lugha hutolewa katika kundi hilo, na nafasi yake hujazwa na mgeni. Ufaulu wa kundi hubaki chini hata pale walimu wanapofanya kazi nzuri sana. Uliza ni wangapi wanaohitimu kutoka humo kila mwaka, na baada ya miaka mingapi. Kundi la rangi nalo halitakueleza lugha ya nyumbani: mtoto aliyewasili jana akizungumza Kiswahili huhesabiwa pamoja na mtoto Mweusi ambaye ukoo wake umeishi Marekani kwa vizazi vingi.

Pale kundi lilipo dogo utaona alama ya kinyota (*) au nafasi tupu badala ya namba, ili mtoto asitambulike. Kundi likiwa na watoto 20, kila mmoja ana uzito wa asilimia 5, na wawili wakiugua siku ya mtihani mstari mzima unabadilika. Soma miaka mitatu au zaidi kwa pamoja, ukijua kwamba mwaka 2020 mitihani ilisimamishwa nchi nzima.

Usiruke safu ya utoro sugu, yaani watoto wanaokosa angalau asilimia 10 ya siku za masomo, ambazo ni siku 18 katika mwaka wa siku 180.

Mwishowe, nenda ukaonane na mwalimu mkuu ukiwa na jedwali mkononi, umwonyeshe mstari unaokuhusu na umuulize shule inafanya nini juu yake. Ikiwa Kiingereza chako hakitoshi, omba mkalimani mapema. Shule zinazopokea fedha za shirikisho zina wajibu wa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na huduma hiyo hailipiwi.