Kumpigia debe mgombea asiyetakiwa na vigogo: kazi ya mashinani kwenye mchujo wa urais Marekani

Mgombea anayewania tiketi ya chama bila baraka za vigogo anaweza kuwa na wapambe wenye ari kuliko wa mpinzani wake, na bado akabwagwa. Chanzo mara nyingi ni vitu vidogo vya kuchosha: tarehe iliyopita, fomu iliyojazwa vibaya, kikao cha kaunti ambacho watu wake hawakuwa na habari nacho. Kundi la watu kumi wenye kalenda iliyobandikwa ukutani litamsaidia kuliko ukumbi uliofurika mashabiki wasiojua wamesajiliwa chama gani.

Daftari kabla ya fulana

Kila jimbo la Marekani lina mchujo wake na kanuni zake, kwa hiyo swali la kwanza ni nani anaruhusiwa kupiga kura. Florida, Pennsylvania na New York zina mchujo uliofungwa: asiyesajiliwa katika chama husika hapewi karatasi ya kura. Texas na Virginia mchujo uko wazi: mpiga kura yeyote huchagua karatasi ya chama anachotaka. New Hampshire iko katikati. Asiye na chama huchagua siku hiyohiyo karatasi ya chama anachotaka, lakini mwanachama wa chama kingine lazima awe amebadili mapema. Kwa mchujo wa Januari 2024 mwisho wa kubadili ulikuwa tarehe 6 Oktoba 2023.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Sheria ya shirikisho hairuhusu jimbo kufunga usajili wa wapiga kura zaidi ya siku 30 kabla ya uchaguzi wa shirikisho, na watu wakishaisikia hiyo hutulia. Kubadili chama ni habari nyingine. New York ilipiga kura tarehe 19 Aprili 2016, lakini aliyekuwa tayari kwenye daftari na akataka kuhamia chama kingine alipaswa kufanya hivyo kabla ya tarehe 9 Oktoba 2015 kupita. Wapambe wengi wa Bernie Sanders, aliyewania tiketi ya Democratic, waliokuwa hawana chama waligundua hilo majira ya kuchipua, miezi sita baada ya mlango kufungwa. Sheria hiyo imelegezwa tangu hapo, ila fundisho lake halijachakaa: andikeni tarehe mbili kwenye kalenda, ya usajili na ya kubadili chama, na ya pili ianze kutangazwa miezi mitatu kabla.

Kisha pateni daftari la wapiga kura, ama kupitia kampeni yenyewe ama kwa ofisi ya uchaguzi ya jimbo. Halionyeshi mtu alimpigia nani. Linaonyesha alijitokeza chaguzi zipi, na katika majimbo yenye usajili wa vyama, yuko chama gani. Ligaweni mafungu matatu: wasiokosa mchujo, wanaojitokeza Novemba tu kwenye uchaguzi mkuu, na waliojiandikisha majuzi. Mgombea wa pembeni kwa kawaida hupendwa na mafungu mawili ya mwisho, yaani watu walewale ambao kampeni za wakubwa hazihangaiki nao. Wasiomo daftarini kabisa watafutwe vyuoni na kwenye nyumba za kupanga.

Sahihi

Majimbo kadhaa hayamweki mgombea kwenye karatasi mpaka aoneshe sahihi. Kwa mchujo wa Republican wa 2012 Virginia ilidai sahihi 10,000, zikiwemo angalau 400 kutoka kila wilaya ya uwakilishi (eneo linalochagua mjumbe mmoja wa Baraza la Wawakilishi) kati ya 11. Newt Gingrich na Rick Perry, wanasiasa wakongwe wenye fedha, wote walikwama; waliobaki kwenye karatasi ni Mitt Romney na Ron Paul peke yao. Gingrich alikuwa mkazi wa jimbo hilohilo. Baadaye Virginia ilipunguza idadi hadi 5,000, na 200 kwa kila wilaya.

Lengo lenu liwe mara moja na nusu ya idadi inayotakiwa, na mara mbili mkijua wapinzani watapinga sahihi moja moja. Zinazokataliwa hukataliwa kwa sababu zilezile: mtu hakusajiliwa, ameandika anwani ya sanduku la posta badala ya makazi, ni wa wilaya nyingine, au alishasaini wiki iliyopita na amesahau. Nyingine huangushwa na mkusanyaji mwenyewe, kwa kuacha sehemu ya tarehe wazi, kumjazia mtu jina, kuchapa upande mmoja fomu inayotakiwa kuwa na pande mbili, au kutokula kiapo mbele ya mthibitishaji pale jimbo linapodai hivyo.

Kila mkusanyaji abebe ubao wa kuandikia, kalamu tatu za wino mweusi na fomu zilizotengwa kwa wilaya. Mahali bora kuliko pote ni nje ya vituo vya kura siku ya uchaguzi mwingine wowote, hata wa bodi ya shule, nje ya mpaka wa umbali uliowekwa na sheria: karibu kila anayepita pale amesajiliwa. Mtu aliyezoea atapata sahihi kumi hadi kumi na tano kwa saa. Zihakikini dhidi ya daftari jioni ileile, kwa sababu kosa likigundulika siku ya pili bado mnaweza kumrudia mtu, na likigundulika wiki ya mwisho mmeshachelewa.

Dola moja ina kazi yake

Kiwango cha juu ambacho mtu mmoja anaweza kumchangia mgombea kwa 2025 na 2026 ni dola 3,500 kwa kila uchaguzi, na mchujo huhesabiwa peke yake. Mgombea wa mashinani lakini anahitaji zaidi idadi ya wachangiaji. Ili kupanda jukwaa la mdahalo wa kwanza wa chama cha Republican mwaka 2023 ilibidi awe na wachangiaji 40,000, wakiwemo 200 kutoka kila moja ya majimbo au maeneo 20, juu ya masharti ya kura za maoni. Kwa hesabu hiyo jirani aliyetoa dola moja huko Idaho ana uzito sawa na tajiri aliyefika kikomo. Mkiwa na ndugu au marafiki majimbo yenye watu wachache, hao ndio wa kupigiwa simu kwanza.

Michango ikiwekwa siku moja huwa habari. Wapambe wa Ron Paul walipanga wenyewe, bila kampeni kuwaagiza, siku ya tarehe 5 Novemba 2007 na ile ya tarehe 16 Desemba mwaka huohuo. Ya kwanza ilileta zaidi ya dola milioni 4 na ya pili takriban milioni 6. Siri yake ilikuwa tarehe moja iliyotangazwa wiki kadhaa kabla na ahadi zilizokusanywa mapema.

Upande wa sheria, msikosee haya. Kampeni hairuhusiwi kupokea zaidi ya dola 100 taslimu kutoka kwa mtu mmoja. Msichangishane kapuni kisha mmoja akatuma kwa jina lake, maana kutoa kwa jina la mwingine ni kosa la jinai. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuchangia. Mgeni asiye nao haruhusiwi kutoa hata senti, ingawa anaweza kujitolea bila malipo mradi asishiriki maamuzi. Chakula na mialiko ya kikao cha nyumbani kwako hakihesabiwi kuwa mchango hadi kufikia dola 1,000 kwa kila mgombea kwa kila uchaguzi. Kundi lenu likianza kukusanya au kutumia zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka kwa ajili ya kampeni, huenda likawa kamati ya kisiasa inayopaswa kujisajili kwa Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho. Njia rahisi ni kuacha fedha ziende moja kwa moja kwenye tovuti ya mgombea, ninyi mkabaki na kazi ya miguu.

Nyumba kwa nyumba

Miguu ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote. Watu wawili hushika mtaa mmoja, kila mmoja upande wake, kwa zamu ya saa tatu: siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi giza linapoingia, Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi. Kila mtu apewe milango 40 hadi 50. Wengi hawatafungua, mazungumzo kumi na mawili kwa zamu ni mavuno mazuri.

Uliza kabla ya kueleza. "Kuna jambo gani ungependa rais ajaye alishughulikie?" hufungua mlango mpana kuliko sera kumi za mgombea. Sikiliza, gusa jambo hilo moja, kisha omba kura waziwazi na umtajie tarehe. Ukitoka langoni andika alama: 1 kwa aliye wetu, 3 kwa ambaye hajaamua, 5 kwa aliye wa mpinzani. Kosa la kawaida ni ukarimu wa alama. Mtu mpole aliyepokea kipeperushi na kutabasamu si 1. Ni 1 pale tu aliposema kwa kinywa chake kwamba atampigia mgombea wenu. Daftari lililojaa 1 za uongo litawadanganya mpaka siku ya matokeo. Kosa la pili ni kubishana dakika ishirini na mwenye alama 5, huku watatu wasioamua wakiwa mbele.

Kipeperushi kiachwe mlangoni, kamwe kisitiwe kwenye sanduku la barua, kwani sheria ya shirikisho inakataza kuweka humo kitu kisicho na stempu. Simu za mitambo kwa namba za mkononi za watu wasiotoa ridhaa nazo ni mtego.

Halafu ni suala la nani anabisha hodi. Mwaka 1968 wanafunzi waliomfanyia kazi Eugene McCarthy New Hampshire walinyoa ndevu na kukata nywele kwanza ili wasiwatishe wenyeji; alipata asilimia 42 dhidi ya Rais Lyndon Johnson aliyekuwa madarakani. Januari 1976 watu wapatao 90 kutoka Georgia walikwenda kumtambulisha Jimmy Carter jimboni humohumo, na waliporudi kwao wakawaandikia barua kwa mkono watu waliozungumza nao. Mwaka 2004 wapambe wa Howard Dean waliingia Iowa na kofia za rangi ya chungwa zilizowatangaza tangu mbali kuwa ni wageni. Akawa wa tatu. Mgeni apewe simu na bahasha. Mlango aushike jirani.

Kokasi na wajumbe

Kwenye kokasi ya Republican ya Iowa wapiga kura hukutana jioni moja, husikiliza hotuba fupi, kisha huandika jina kwenye karatasi ya siri. Kila kituo kinahitaji nahodha wenu atakayesema dakika mbili na kushuhudia hesabu. Kisha watu huvaa makoti na kuondoka, na kazi nyingine ndipo inaanza: kuchagua wajumbe wa kikao cha kaunti, wanaochagua wa wilaya, hadi wa jimbo na wa mkutano mkuu wa taifa unaomteua mgombea wa chama. Mwaka 2012 Ron Paul alikuwa wa tatu usiku ule, lakini watu wake walibaki ukumbini na kwenye kila kikao kilichofuata. Kwenye mkutano mkuu wa Tampa alipata kura 22 kati ya 28 za Iowa. Beba chakula, na kanuni za chama zilizochapwa.

Kwa Democratic kizingiti cha kupata wajumbe ni asilimia 15 ya kura, cha jimbo zima na cha kila wilaya ya uwakilishi. Wilaya mliyo na asilimia 13 inastahili watu kuliko ile mliyo na 22.

Pale wajumbe wanapochaguliwa kwa majina, msisimamishe wengi kuliko nafasi zilizopo. Watu wa Johnson walisimamisha wengi mno New Hampshire mwaka 1968, kura zao zikatawanyika, na McCarthy aliyeshindwa kwa kura akaondoka na wajumbe 20 kati ya 24. Waulizeni mapema wanaotaka ujumbe kama wataweza kusafiri: nauli na hoteli za mkutano mkuu kwa kawaida hutoka mfukoni mwa mjumbe mwenyewe.