Kumtoa mtu baharini: mbinu ya Catalina kwa boti ya faiba

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege za majini za Uingereza aina ya Catalina zilikuwa na kituo Dar es Salaam. Kila ubavu ulikuwa na dirisha kubwa la kioo kilichobinuka, na hapo ndipo wanahewa walioanguka baharini walipovutwa ndani. Kwa boti ya kwenda visiwa vya Mbudya au Bongoyo, penye hatari ni palepale: mita kumi za mwisho.

Mtu akianguka, mmoja amwelekezee kidole na asibandue macho. Katika mawimbi ya kusi kichwa cha mtu hakizidi dafu, na kikizama nyuma ya wimbi ni vigumu kukiona tena. Mwingine atupe jaketi okozi, au dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri. Hilo huelea na mzigo wa karibu kilo 20.

Nahodha azunguke, kisha amfuate polepole omo (mbele ya boti) ikitazama upepo. Ukija kutoka joshini, yaani upande unakotoka upepo, boti nyepesi itasukumwa imlalie.

Akiwa sambamba na ubavu, zima mashine. Zima kabisa, usiishie kutoa gia: mkono mmoja ukigusa gia kwa bahati mbaya, pangaboi linakata miguu. Tarehe 15 Februari 1944, rubani Mmarekani wa Catalina, Nathan Gordon, alitua mara nne karibu na Kavieng, Papua New Guinea, akaokoa watu 15, huku risasi zikitoka nchi kavu. Injini zikinguruma, ndege iliendelea kusonga na majeruhi hawakuweza kuifikia. Alizizima. Kama alizima pale, nahodha wa Kunduchi hana sababu ya kusita.

Rusha kamba ya plastiki ya mita 15 yenye kitanzi kisichokaza. Ya nailoni inazama na kujisokota kwenye pangaboi.

Sasa kumpandisha, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wote hukimbilia upande mmoja, wakamshika makwapa, boti ikalala na maji yakaingia. Wawili tu wavute; waliobaki wakae upande wa pili. Tayarisha mapema kipande cha turubai imara, upana mita 2, urefu mita 3. Funga ukingo mmoja ndani ya boti, shusha turubai majini kama mfuko, mwingize akiwa amelala, kisha vuta ukingo wa pili: atabingirika hadi ndani, na uzito mnaouvuta hupungua karibu nusu. Kulala kuna sababu. Maji yalikuwa yakibana miguu yake. Ukimtoa wima baada ya saa nyingi, damu hushuka miguuni, presha ikaanguka, naye akazimia mikononi mwenu.

Asipopumua, mpulizie mara 5 kwanza, ndipo ukandamize kifua mara 30 na kupuliza mara 2, bila kukatiza. Mwenzako aite msaada kwa redio, chaneli ya 16. Hata akizinduka na kuongea, apelekwe hospitali: maji yaliyoingia mapafuni huweza kumzidia saa kadhaa baadaye.