Kuotesha bustani juu ya sutuhi mjini Lamu

Wakati wa kaskazi, chumba cha juu kabisa ndicho kinachowaka. Uso wa sutuhi, yaani paa bapa, tupu ya saruji unaopigwa na jua la mchana unaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na joto hilo huendelea kushuka chumbani hadi usiku. Sutuhi hiyo hiyo ikifunikwa udongo wenye unyevu na mimea, uso wake hauachani sana na joto la hewa: kivuli hulizuia jua, na maji yanayotoka majanini yakiwa mvuke huondoka na joto. Mvua nayo hupata pa kutulia. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, na sentimita 8 za udongo mkavu huweza kushika kama lita 20. Kwa sutuhi ya mita 4 kwa 5, hizo ni lita 400 zisizomwagika kichochoroni kwa mpigo. Mvua ikishika siku tatu mfululizo udongo hushiba, na hapo maji huchelewa tu, hayazuiliki.

Si kila sutuhi inafaa

Usiweke udongo juu ya dari ya kale ya boriti na mawe ya matumbawe. Boriti zikikaa na unyevu huoza pale zinapoingia ukutani, mahali jicho lisipofika, na utajua dari ikishaanza kulegea. Tena Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kugusa nyumba yake waone kwanza watu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Maelezo haya ni ya slabu ya zege, nayo ikaguliwe na mhandisi. Itazame kutoka chini. Ukiona nyufa zenye rangi ya kutu, au zege limebanduka na nondo ziko wazi, chumvi imeshaingia. Slabu kama hiyo isibebeshwe kitu.

Pima uzito kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo wengi huharibu. Hupima udongo ukiwa mkavu, na slabu haitabeba udongo mkavu. Chukua debe la lita 20 lenye matundu chini, lijaze mchanganyiko wako, uloweshe hadi ushibe, uache udondoke mpaka tone la mwisho, kisha pima. Kwa kina cha sentimita 8, mita 1 ya mraba hula madebe 4. Debe likiwa kilo 26, hizo ni kilo 104, bado tabaka la chini na mimea. Slabu nyingi za nyumba za kuishi hupigiwa hesabu ya kilo 150 hivi kwa mita ya mraba, na hapo ndani wamo watu wanaopanda juu kuanika nguo. Mpe mhandisi tarakimu zako, naye aamue.

Mchanganyiko mwepesi: sehemu 4 za udongo wa shamba uliochekechwa, 3 za makumbi yaliyochambuliwa, 2 za vigae au matofali yaliyopondwa, na 1 ya samadi ya punda iliyooza miezi mitatu au zaidi. Samadi mbichi huunguza mizizi na huja na mbegu za magugu. Makumbi yaloweke kwa maji matamu na kuyamwaga mara mbili tatu, maana mara nyingi huwa na chumvi. Mchanga wa ufuoni usiutumie kabisa.

Kutandaza

Slabu iwe na mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye mlizamu, yaani mfereji wa kutolea maji ya paa. Ziba mlizamu, jaza maji sentimita 5, acha saa 48. Chumba cha chini kikionyesha doa, rekebisha sasa. Udongo ukishapanda juu, kutafuta tundu ni kufukua kila kitu.

Juu ya kizuia maji, yaani tabaka la lami lililopakwa kwenye slabu, tandika plastiki nene ya mabwawa, kwa sababu mizizi hupenya lami. Ipande ukutani sentimita 15 juu ya usawa wa udongo, na iunganishwe kwa joto ili isiachie. Kisha sentimita 3 za vifuu vilivyovunjwavunjwa: ni vyepesi kuliko kokoto, ingawa baada ya miaka vitaoza na udongo utashuka kidogo. Juu yake kitambaa cha kuchujia kisichooza. Gunia la katani halifai. Mwisho udongo. Pembezoni mwote na kuzunguka mlizamu acha upana wa sentimita 30 wenye kokoto tu, uweze kuona maji yanakoenda.

Mimea na maji

Panda mvua za Aprili na Mei zinapoanza. Anza na mshubiri na ule mmea mnene wa kutambaa, wenye maua madogo ya waridi, unaoota karibu na mstari wa maji kujaa: chumvi ya upepo wa kusi haiusumbui. Nyasi ziache. Zikikauka karibu na paa la makuti ni hatari ya moto. Funika kwa wavu wiki sita za mwanzo, la sivyo paka watachimba udongo laini usiku kucha. Mchicha na sukuma wiki zinataka kina cha sentimita 15 au zaidi, hivyo ziweke kwenye makasha juu ya ukuta unaobeba slabu.

Januari hadi Machi mwagilia lita 4 kwa mita ya mraba, mara mbili kwa wiki. Kwa mita 20 ni jerikeni 4 kila mara. Maji ya udhu yanafaa sana kwa kuwa hayana sabuni. Maji ya kisima yakiwa na ladha ya chumvi, yaache.

Kama nyumba hujaza birika, yaani tangi lake la maji, kwa mvua ya sutuhi, gawa sutuhi: nusu bustani, nusu tupu, na kila upande na mlizamu wake. Maji yaliyopita udongoni hutoka na rangi ya chai, nayo hayafai kunywa.

Kabla ya masika na kabla ya vuli, safisha milizamu na ung'oe miche iliyoletwa na ndege, hasa mwarobaini na mkuyu, ingali na urefu wa kidole. Ikiachwa mwaka mzima mizizi yake huingia kwenye maungio ya plastiki, na kuitoa ni kuipasua.