Wageni 40 kwenye saiti sio watu 40

Mwezi wa kwanza wa saiti yangu ya mapishi niliingia cPanel, ile paneli ya kuendeshea saiti, nikakuta imeandikwa hiti elfu tisa, nikakimbilia kwenye grupu la familia kujigamba. Kumbe hiti ni kila faili linalovutwa, yani ukurasa mmoja wa pilau wenye picha 14 na vifaili vingine vya nyuma, mtu akiufungua mara moja tu ni hiti zaidi ya 15 hizo. Ukiona hiti pita tu.

Nenda Google Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu wanaoingia kwenye saiti, hii ya sasa ya GA4, uangalie wageni, sesheni (yani ziara moja moja) na kurasa zilizofunguliwa. Chukua mama anaingia asubuhi kwa simu, anasoma pilau na kachumbari, anaenda sokoni, anarudi baada ya lisaa anafungua biriani. Hapo ni mgeni 1, sesheni 2, kurasa 3, maana mtu akitulia dakika 30 sesheni inakatika. Jioni akiingia kwa laptop ya mwanae anahesabiwa mgeni mpya kabisa, kwa sababu mashine haimjui yeye, inajua kuki, yani kifaili kidogo kilichoachwa kwenye brauza. Na wa iPhone wanaotumia Safari ndo balaa, kuki ya aina hii inafutwa baada ya siku 7, so akikaa wiki mbili akirudi ni mgeni tena.

Sasa kosa ambalo karibu kila mtu analifanya: kujumlisha wageni wa kila siku. Jumatatu 40, Jumanne 40, unasema 80, wakati nusu ni walewale wamerudi. Chagua tarehe za wiki nzima uiache ihesabu yenyewe. Kurasa ndo unaweza kujumlisha bila shida.

Halafu ingia Admin, sehemu ya mipangilio humo humo Analytics, ucheki saa za eneo gani zimewekwa. Mimi yangu ilikuwa ya Los Angeles, wako nyuma yetu masaa 10 au 11, kwa hiyo "leo" yangu ilikuwa inaanza saa nne au saa tano asubuhi, nikawa nashangaa mbona wanaosoma chai na vitumbua wanaonekana jana. Ukibadilisha, za nyuma hazijirekebishi.

Na ujitoe mwenyewe kwenye hesabu. Ile filta ya IP, yani namba ya intaneti unayoingilia, inafaa kama una waifai ya kudumu, ila kumbuka inakuja kwenye hali ya majaribio, lazima uiwashe. Kwa bando IP inabadilika badilika, haisaidii sana.

Mwisho linki za WhatsApp, zinaingia kama Direct, yani hujui zimetoka wapi. Malizia linki yako na ?utm_source=whatsapp ndo uitume. Nilipofanya hivyo grupu la familia lilileta wageni 6, nikauliza nani na nani, kumbe shangazi peke yake ni watatu: simu yake, simu ya dukani, na tableti ya mjukuu.