Somo: Kuchagua buti la kupandia milima litakalodumu kwenye maji na matope

Wakuu, habari zenu. Niliahidi kuandika kuhusu mabuti ya njia za maji, na leo nimepata nafasi. Maswali yaliyoulizwa nimeyajibu huko chini.

Nianze na kiatu kilichonifundisha. Nilikuwa na buti zito la ngozi, nililivaa safari chache nikaliweka kabatini miaka kadhaa. Siku nilipolitoa lilikuwa bado linang'aa, nikajipongeza kwa utunzaji. Safarini, kwenye mteremko wa matope, saa mbili tu tangu nianze kutembea, soli ya kulia ikaachia kuanzia kisiginoni. Kabla sijamaliza kuifunga kwa kamba, ya kushoto nayo ikafuata. Nilipoitazama, tabaka la sponji lililo kati ya soli na ngozi lilikuwa limegeuka unga. Ngozi ilikuwa nzima kabisa. Tangu siku hiyo, nikishika buti naanza kutazama viungo, maana buti la kwenye maji hufia pale kitu kimoja kinapokutana na kingine: soli na ngozi, mshono na mshono, ulimi na ubavu.

HATUA YA 1: Jiulize ni maji ya namna gani

Umande wa nyasi asubuhi ni jambo moja. Kinamasi cha kuzama hadi kifundoni ni jambo lingine, na kuvuka mito mara tano kwa siku ni la tatu. Kama maji yako ni ya nyasi, manyunyu na vidimbwi, tafuta buti linalozuia maji yasiingie. Kama maji yatakupita juu ya kifundo, hakuna buti la kamba litakaloyazuia, kwa sababu yataingilia mlangoni, pale unapoingiza mguu. Hapo tafuta buti linaloyatoa haraka. Wengi wanaonung'unika kwamba buti lao ni bovu walinunua la aina ya kwanza wakaenda nalo kwenye maji ya aina ya pili.

HATUA YA 2: Ligeuze, tazama chini

Soli ya raba yenye meno tunayoiona kila mahali ina historia ya huzuni. Mwaka 1935 wapanda milima sita, wenzake Mwitaliano Vitale Bramani, walikufa katika milima ya Alps, na viatu vyao visivyofaa vilichangia. Mwaka 1937 Bramani akatoa soli ya raba yenye meno marefu, akaiita Carrarmato, yaani kifaru cha vita. Jina Vibram limetokana na jina lake.

Sasa meno yenyewe, au kashata kama tunavyosema za tairi. Kwa matope nataka kashata zenye kina cha milimita 4 au 5 hivi, zilizoachana. Zikibanana, tope linajaa katikati, na baada ya hatua kumi unatembea na soli kipara. Tazama pia kisigino: kiwe na ngazi iliyokatwa wazi mbele yake, ile ndiyo breki yako ya mteremkoni. Soli iliyo bapa toka kidoleni hadi kisiginoni itakuteremsha kwa makalio.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kashata ndefu husaidia kwenye tope tu. Juu ya mwamba uliolowa, kinachoshika ni ulaini wa raba na ukubwa wa eneo linalogusa jiwe. Raba ngumu hudumu miaka lakini kwenye jiwe lenye maji ni kama sabuni. Raba laini inashika vizuri ila inalika upesi. Ibonyeze kwa ukucha: ikikataa kabisa kubonyea, ni ya changarawe kavu. Ikibonyea kidogo kisha ikarudi, hiyo ndiyo ya njia yenye maji. Kwa hiyo anayetaka soli isiyolika milele na isiyoteleza kamwe anataka vitu viwili vinavyopigana, achague kimoja akubali hasara ya kingine. Mimi nachagua isiyoteleza. Soli inabadilishwa, goti halibadilishwi kirahisi. Na juu ya ukoga wa kijani au mizizi iliyolowa, msijidanganye, hakuna raba inayoshika. Ruka, au kanyaga pembeni.

HATUA YA 3: Kiungo cha soli na ngozi

Hapa tulia, tumia muda.

Mabuti mengi ya siku hizi yamegandishwa kwa gundi tupu. Si dhambi: gundi nzuri haipitishi maji na kiatu kinakuwa chepesi. Lakini gundi ikichoka, inachoka yote kwa pamoja. Shika ncha ya buti, likunje kama mguu unavyokunja, kisha chungulia mstari wa kiungo. Ukiona mwanya hata wa unene wa karatasi, rudisha rafuni.

Aina ya pili imeshonwa: ukanda mwembamba unashonwa kwenye ngozi, kisha soli inashonwa au kugandishwa kwenye ukanda huo. Ni zito na ni gumu mwanzoni, lakini fundi anaweza kutoa soli iliyoisha na kuweka nyingine bila kuharibu sehemu ya juu. Kama unatembea sana, hili ndilo la miaka mingi. Epuka tu ile ambayo uzi wake unapenya moja kwa moja mpaka chini ya unyayo kwa ndani, maana uzi hunyonya maji kama utambi wa taa.

Kisha kuna ule ukanda wa raba unaozunguka buti juu kidogo ya soli. Unafunika kiungo, unakinga pua ya kiatu na mawe. Ukizunguka kiatu kizima, vizuri sana. Ukiwa mbele tu, inatosha. Usipokuwepo kabisa, hilo si buti la maji.

Na lile tabaka la sponji lililoniumbua? Kuna aina mbili kubwa. Poliyurethani hustahimili uzito na haibonyei ovyo, lakini unyevu, hata wa hewani tu, huikatakata taratibu kwa miaka mpaka inakuwa unga, hata kama kiatu hakijavaliwa. Nyingine, EVA, haivunjwi na maji hivyo, ila husagika na kulala bapa kadiri unavyotembea. Sikatazi poliyurethani, mabuti mengi mazuri sana yanayo. Ninachosema ni kwamba usinunue lililokaa stoo miaka, hata likipunguzwa bei. Baadhi ya viatu vina tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo ya ndani ya ulimi. Kama haipo, bonyeza sponji kwa dole gumba: nyufa ndogo au ugumu wa chaki ni ishara ya kuondoka.

HATUA YA 4: Ngozi na mishono

Ngozi ambayo uso wake wa asili haujakwanguliwa, yenye unene wa milimita 2 na zaidi, ndiyo inayostahimili maji kuliko zote. Ile yenye uso uliosuguliwa ukawa kama mahameli ni ngozi nzuri pia, ila itakudai nta mara kwa mara. Ile ya tabaka la chini, yenye nyuzinyuzi pande zote mbili, inakunywa maji. Kitambaa cha nailoni ni chepesi na hukauka haraka, lakini huchanika mapema kwenye miiba na mawe.

Kisha hesabu mishono. Kila tundu la sindano ni mlango. Kipande kimoja kikubwa cha ngozi kinashinda vipande kumi vya rangi rangi, hata kama hivyo kumi vinapendeza. Na pasiwe na mshono pale vidole vinapokunja, hapo ndipo uzi unapokatika kwanza.

Ulimi: uvute mbele uone umeshonwa pembeni mpaka wapi. Pale mshono unapoishia ndipo kina cha maji unachoweza kukikanyaga. Ukiwa umeachia tangu chini, buti lote ni la urefu huo, hata shingo yake ifike magotini.

HATUA YA 5: Utando

Utando ni tabaka jembamba linalowekwa ndani ya buti ili kuzuia maji. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore aliuvuta kwa ghafla ufito uliopashwa moto wa PTFE, plastiki ileile ya kwenye vikaango visivyogandisha, ukarefuka na kujaa vitundu vidogo sana. Vitundu hivyo vinakataa tone la maji lakini vinapitisha mvuke wa jasho. Huo ndio mwanzo wa Gore-Tex, na tando nyingine zimefuata baadaye.

Utando unafanya kazi vizuri penye baridi, kwa sababu mvuke hukimbia kutoka palipo na joto na unyevu mwingi kwenda palipo pakavu. Kwenye joto lenye unyevu, ambapo nje kumelowa kama ndani, mvuke hauna pa kwenda na jasho linabaki soksini. Halafu maji yakiingia kwa juu, utando uleule unayazuia yasitoke. Umevaa ndoo.

Kwa hiyo: baridi, nyasi zilizolowa, theluji, chukua utando. Joto na mito, uache.

HATUA YA 6: Livae

Jaribu alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, ukiwa na soksi za safari. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Kidole cha mkono kiingie nyuma ya kisigino bila kulazimishwa. Funga, kisha shuka ngazi au ubao ulioinamishwa. Vidole vikigonga mbele, kucha zitakuwa nyeusi kabla safari haijaisha. Kisigino kikipanda na kushuka, malengelenge yanakungoja, na ngozi ikilowa inalegea, haibani. Usikubali maneno ya "litazoea mguu" kuhusu urefu wa kiatu. Upana huzoea, urefu hauzoei.

Likiwa jipya, litembeze nyumbani na njia fupi kwanza. Ngozi nene inaweza kutaka wiki kadhaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kwa nini nisivae gambuti tu nikamaliza kazi?

Kwa shamba na kinamasi cha tambarare, vaa bila aibu. Kwa mlima hapana: halikazwi kifundoni, mguu unacheza ndani, na jasho halina njia. Mwisho wa siku soksi zimelowa sawa na aliyekanyaga mto.

Swali: Nimetembea na buti la utando siku nzima, halikuvuja, lakini miguu imekunjamana kama niliyekaa ndani ya maji. Tatizo nini?

Ni jasho, mkuu. Tazama pia sehemu ya nje: kama kitambaa kinakunywa maji badala ya kuyafanya yaviringike matone, mvuke unazibiwa njia na unadhani kiatu kinavuja. Kisafishe, upake upya dawa ya kuzuia maji. Soksi ziwe za sufu au nyuzi za viwandani. Za pamba zikilowa zinabaki zimelowa. Na ubebe jozi moja kavu ambayo ni ya kulalia tu, hata iweje usitembelee. Mguu unaoshinda na kulala chepechepe kwa siku kadhaa unaanza kuharibika. Wanajeshi wa Vita Kuu ya Kwanza kwenye mahandaki waliugua hivyo kwa maelfu.

Swali: Kwenye mto nivue au nivuke nayo?

Vuka nayo. Mawe ya chini ya maji huyaoni, na mguu mtupu ukikatwa safari imeisha. Ukifika ng'ambo toa soli ya ndani, mwaga maji, kamua soksi, endelea. Ndiyo maana mabuti ya jeshi ya msituni yana vitundu vidogo pembeni karibu na soli: maji yanaingia, hatua chache yanatoka.

Swali: Nakausha vipi? Mwenzangu anaweka karibu na moto.

Mwambie aache leo. Moto unaikausha ngozi mpaka inapasuka, na gundi inalegea. Osha tope kwanza, maana tope likikaukia juu ya ngozi linafyonza mafuta yake. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, badilisha yakilowa, weka kivulini penye upepo. Likikauka, paka nta ya ngozi, ukikazia mishono. Kiwi ya kawaida inang'arisha, haitoshi kwa mto.

Swali: Soli imeanza kuachia kwa mbele, nifanyeje?

Ukiwa njiani, zungushia utepe wenye gundi au kamba, ipite mbele ya kisigino isikatwe na mawe. Ukirudi: safisha pande zote mbili, kausha kabisa, kwaruza kwa msasa, paka gundi ya viatu pande zote, subiri mpaka isinate kidoleni, ndipo ubane na kuacha usiku kucha. Kama ndani kuna unga, usipoteze gundi. Peleka kwa fundi aone kama soli nzima inabadilishika.

Swali: Samahani mkuu, mimi napingana nawe. Natembea na viatu vyepesi vya kukimbilia njiani, vinalowa na kukauka nikiwa natembea, sijawahi kujuta. Buti la nini?

Sikubishii. Kwa mzigo mdogo, joto na njia iliyonyooka, wewe uko sahihi, na uzito wa mguuni unachosha kuliko uleule ukiwa mgongoni. Ila vitachakaa mapema, na siku utakayobeba mzigo mzito kwenye mawe yaliyolowa, soli laini kiasi hicho itauacha unyayo ulisikie kila jiwe. Ukishavivaa njia hiyo rudi utuambie, nami nitasoma.