Kidoa cheusi cha mtoto: kipige picha na rula

Wazazi wenzangu wa Moshi, kidoa cheusi au cha kahawia kwenye ngozi ya mtoto kwa kawaida hakina ubaya. Vingine mtoto huzaliwa navyo, vingi hujitokeza utotoni, na hukua kadiri mwili unavyokua. Cha mwanangu kiko chini ya bega. Kila baada ya miezi mitatu tunasimama dirishani asubuhi, nalaza rula ya shule pembeni, milimita zionekane, napiga picha. Juzi nimelinganisha: umbo lilelile, kingo zimenyooka, rangi moja.

Muone daktari kikibadilika haraka kuliko vingine, kikitoa damu bila kukwaruzwa, au kikiwa kidonda kisichopona. Kipele cha waridi kinachokua upesi usikipuuze, maana saratani ya ngozi iitwayo melanoma, kwa watoto mara nyingi haina weusi. Kagua na nyayo, viganja, kucha. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Daktari huangalia kwa lenzi yenye taa, hakuna maumivu.

Tafadhali, usikifunge uzi wala kukichoma kwa dawa. Kikishaharibiwa, maabara haina cha kupima.