Namna ya Kuchimbua Asili ya Jina la Mtu wa Amu

Mtu akitaka kujua maana ya jina lake siku hizi hufungua simu, akaliandika, akapata neno moja la kumtosheleza: Amina ni mwaminifu, Salim ni aliyesalimika, na shughuli imekwisha. Jawabu hilo si la uongo, ila ni nusu ya jawabu. Hapa Lamu, au Amu kama tunavyouita wenyewe mji wetu, kila jina lina maana ya neno na lina sababu ya kupewa mwenye nalo, na mara nyingi mambo hayo mawili hayakutani. Mtoto huitwa Athman si kwa kuwa wazazi wake walivutiwa na neno, bali kwa kuwa babu yake alikuwa Athman. Kwa hiyo anayetaka kulichimbua jina aanze kwa watu, kisha ndipo aende kwenye vitabu.

Nenda kwa wazee wa pande zote mbili, wa baba na wa mama, na usiwaulize kwanza jina lina maana gani. Waulize ulipewa ina la nani. Andika mnyororo wa majina, fulani bin fulani bin fulani, mpaka wazee wanapokoma kukumbuka, kisha uyatazame yanavyojirudia. Kwa kuwa ni desturi yetu kuwapa watoto majina ya babu na bibi zao, utaona jina moja likiruka kizazi na kurudi katika kinachofuata. Jina linalorudi hivyo ni la urithi, na wa kuulizwa habari zake ni yule wa juu kabisa aliyelibeba. Jina lisilofanana na yaliyolizunguka, lililoingia mara moja tu katikati ya mnyororo, ndilo mara nyingi lenye kisa: safari, maradhi, nadhiri, au mgeni aliyekuwapo nyumbani siku ile. Usiwaache nyuma wanawake, maana karatasi za serikali humtaja mtu kwa baba zake, na majina yaliyoshuka kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu wa kike yamo vichwani mwa kina bibi tu. Uliza pia jina la nyumbani, kwani wako watu walioitwa kwa jina moja maisha yao yote na wakazikwa kwa jingine.

Ukishajua jina limetoka kwa nani, lirudishe katika umbo lake kamili. Kiswahili kimeyapokea majina ya Kiarabu na kuyafinyanga kilivyotaka: Abubakar akawa Bakari, Aisha akawa Asha na Esha, Fatima akawa Fatuma, Khadija akawa Hadija na kisha Dija, Abdalla akawa Dula. Hati za kilatini nazo huzificha tofauti ambazo hati za Kiarabu huzionyesha wazi. Saidi, mwenye heri, limeandikwa kwa herufi ya ain katikati. Seyyid, yaani bwana, ambalo ni lakabu ya masharifu, watu wa kizazi cha Mtume, halina ain, na mwenye kuyachanganya anaweza kumpandisha mtu ukoo bila kukusudia. Zuhura ni ile nyota ing'aayo alfajiri na jioni, ilhali Zahra, mng'avu, ni lakabu ya Bi Fatima binti ya Mtume. Yale maandishi yetu ya «sw» na «tw» si pambo: Swaleh, Swafia na Twalibu yameandikwa hivyo ili kulinda herufi nzito za Kiarabu, na anayetafuta Swaleh penye sini, herufi ya «s» nyepesi, hatafika popote.

Dawa ya tatizo hili ni kutafuta mahali ambapo jina liliandikwa kwa Kiarabu: hati ya ndoa ya zamani iliyoandikwa na kadhi, jiwe la kaburi, au ukurasa wa ndani wa msahafu wa familia ambamo baadhi ya wazazi waliandika siku za kuzaliwa kwa wanao. Usivitegemee sana vyeti vya karibuni. Mimi na ndugu zangu wawili tumezaliwa na baba mmoja, na jina la babu yetu limeandikwa Athman katika cheti changu, Othman katika cha pili na Adhman katika cha tatu. Hilo la mwisho sijaliona popote pengine duniani. Majina ya Uthman, Usman na Osman yote ni lile lile la khalifa wa tatu, kila taifa likilitamka kwa ulimi wake.

Sasa kamusi itakufaa. Maneno ya Kiarabu mengi hujengwa juu ya mzizi wa herufi tatu, na kamusi nyingi za lugha hiyo zimepangwa kwa mizizi, si kwa herufi ya kwanza ya neno lenyewe. Ondoa irabu na viambishi, ubaki na mzizi. Muhammad, Ahmad, Hamid na Mahmud yote yamo katika h-m-d, mzizi wa kusifu. Salim, Salama, Suleman na Salma huonekana kama ndugu wa mzizi mmoja wa s-l-m, lakini hapo tahadhari inahitajika, kwa kuwa Suleman, sawa na Ibrahim, Yusuf, Musa na Mariamu, ni jina la kale la watu wa vitabu lililokuwapo kabla ya kuingia katika Kiarabu. Is-haka, kwa mfano, kwa Kiebrania ni «anacheka». Na anayeitwa Abdul peke yake ajue kwamba jina lake limekatwa, kwani Abdul ni «mtumishi wa» tu, na lazima lifuatwe na mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu: Abdulrahman, Abdulkarim, Abdulaziz. Katika hali hiyo kazi ya kwanza ni kutafuta kipande kilichopotea.

Majina ya siku na miezi yanastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu hayo humweleza mtu alizaliwa lini. Juma na Mwanajuma ni wa Ijumaa, lakini kwa hesabu yetu siku huanza magharibi, hivyo Juma huenda alizaliwa usiku ambao cheti cha kizungu kinauita Alhamisi. Hamisi naye ametoka katika neno la Kiarabu la tano, maana kwa Waarabu Alhamisi ni siku ya tano tangu Jumapili; Kiswahili kikaanza hesabu yake Jumamosi na kuifanya Jumatano kuwa ya tano, na hivyo juma letu likapata siku mbili za tano bila mtu kulalamika. Katika miezi, utakutana na Rajabu, Shaabani na Ramadhani wengi. Naona sababu yake ni nyepesi: miezi mingine tisa Waswahili waliiita kwa namba, kuanzia Mfunguo Mosi hadi Mfunguo Tisa, na hakuna aliyetaka kumwita mwanawe Mfunguo Saba. Mwezi wa Mfunguo Sita ulipata mlango mwingine, kwani ndio wa Maulidi, na Maulidi ni jina la watu. Mwanaidi aulizwe ni Idi ipi, ya Mfunguo Mosi au ya kuchinja, ya Mfunguo Tatu.

Majina haya unaweza kuyapima kwa hesabu. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kizungu, na huzunguka majira yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Mwaka 1950 ilianza katikati ya Juni. Mzee Ramadhani ambaye kitambulisho chake kinasema alizaliwa Januari 1950, basi, ama tarehe yake ilikisiwa, ama hakuitwa kwa mwezi bali alirithi jina la babu, na hapo inakubidi urudi kwenye ule mnyororo ulioandika mwanzoni.

Yako pia majina ambayo hayamo katika kamusi ya Kiarabu hata ukiyatafuta mwaka mzima, kwa sababu ni Kiswahili. Chausiku alizaliwa usiku. Tabu, Shida, Subira na Riziki hueleza hali ya nyumba, ijapokuwa maneno yenyewe asili yake ni Kiarabu. Mwana, katika Kiswahili cha kaskazini, lilikuwa neno la heshima kwa mwanamke wa kiungwana, kama Bwana na Mwinyi kwa wanaume, na Fumo lilikuwa cheo cha watawala wa Pate. Mwana Kupona binti Mshamu, mtunzi wa utenzi wa mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, alibeba heshima hiyo pamoja na kitenzi cha kupona, na si mtoto wa mtu aitwaye Kupona.

Yapo majina yanayohitaji adabu katika kuyauliza. Feruzi, Mabruki na Farjala, pamoja na majina ya siku, zamani mabwana waliwapa watumwa wao, na utumwa katika pwani hii ulikomeshwa kisheria mwaka 1907 tu. Lakini waungwana nao waliyatumia baadhi ya majina hayo, hivyo jina peke yake si ushahidi wa nasaba, na mzee akinyamaza unapolitaja, mwache.

Swali la mwisho kwa wenye majina ya mitume na mawalii ni kwamba waliitwa kwa heshima ya nani hasa. Swaleh ni nabii aliyepelekwa kwa kaumu ya Thamud, lakini katika mji wenye Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, inafaa kuuliza kama mtoto alipewa jina la nabii au la Habib.

Ukiwa na mtoto wa kupewa jina, fanya kazi hii kabla ya siku ya saba na akika yake. Kisha andika jina kamili kwa hati za Kiarabu na za kilatini katika kipande kimoja cha karatasi, uende nacho kwenye usajili wa kuzaliwa, na usome herufi moja moja kilichoandikwa kabla hujaweka sahihi.